Maswali ya Wasomaji: Pete za Fimbo ya Kuvulia

Swali: Ndugu mjibu maswali, nimenunua ufito mtupu wa kaboni wenye urefu wa mita 2.1, nami nataka kuuvalisha mwenyewe hadi uwe fimbo kamili ya kurushia chambo bandia chepesi. Rili yangu ni ile ambayo bobini yake haizunguki mshipi unapotoka. Natumia mshipi wa kusukwa, na mbele yake hufunga kipande cha nailoni. Muuzaji amenishauri ninunue seti ya pete za titani ambazo bei yake imenishtua, ilhali rafiki yangu mvuvi ananiambia kwamba pete ni pete tu. Nimsikilize nani, na ufito huu unahitaji pete ngapi?

Jibu: Ndugu msomaji, wote wawili wamelikamata jambo mkiani. Pete, yaani vile viduara vinavyopitisha mshipi kandokando ya fimbo, huchaguliwa kwa kutazama jinsi mshipi unavyotoka kwenye rili na jinsi ufito unavyojipinda unapolemewa, na mambo hayo mawili unaweza kuyachunguza nyumbani kabla hujatoa fedha yoyote.

Tuanze na rili. Bobini isiyozunguka humwaga mshipi kwa mizunguko mipana, mfano wa springi iliyoachiwa, na kazi ya pete mbili au tatu za mwanzo ni kuifinya mizunguko hiyo hatua kwa hatua mpaka mshipi unyooke. Ndiyo sababu pete iliyo karibu na rili huwa pana na yenye shingo ndefu, na zinazofuata hupungua haraka. Kwa rili ya wastani, mpango wa 25, 16 na 10, kisha pete ndogo za 6 hadi nchani, umezoeleka na hufanya kazi vizuri. Namba hizo ni milimita, lakini mara nyingi kinachopimwa ni ukingo wa nje wa duara la kauri lililomo ndani ya pete, kwa hiyo tundu lenyewe ni dogo kuliko unavyosoma kwenye pakiti. Kupata mahali pa kuanzia pete ndogo, funga rili kwenye ufito, kisha nyoosha uzi kufuata mhimili wa bobini hadi uzi huo ukutane na ufito. Hapo ndipo pa kuanzia majaribio yako.

Udogo wa pete hizo una mpaka mmoja tu, nao ni fundo linalounganisha mshipi wa kusukwa na nailoni. Lifunge fundo unalolitumia siku zote, si lile zuri unalolitengeneza mezani ukiwa na subira, kisha livute kwa mkono kupitia pete. Likikwama au likigonga, panda saizi moja.

Kuhusu titani, muuzaji hajakudanganya. Sentimita moja ya ujazo ya titani ina uzito wa takriban gramu 4.5, ilhali chuma kisichoshika kutu hukaribia gramu 8. Tena titani haili kutu hata katika maji ya chumvi, wakati hicho chuma kinachoitwa hakishiki kutu huanza kuonyesha madoa kwenye viungio vyake kisiposuuzwa. Hata hivyo, uzito hausumbui sawasawa kila mahali. Gramu iliyo karibu na ncha huufanya ufito uchelewe kutulia baada ya kurusha na hupunguza hisia ya samaki anapogusa chambo, lakini gramu hiyo hiyo ikiwa karibu na mpini hutaitambua. Mimi, fedha zikiwa chache, ningeweka titani kwenye nusu ya juu na chuma kwenye pete kubwa za chini, nisione haya kwamba seti haifanani.

Jambo ambalo nisingelibania fedha ni duara la ndani. Mshipi wa kusukwa ukipita kwenye waya mtupu uliopakwa kromu huweza kuuchimba mfereji, na mfereji huo baadaye huula mshipi. Kauri ya alumini oksidi inatosha kwa uvuvi wa kawaida. Silikoni kabaidi ni ngumu zaidi, hung'arishwa vizuri zaidi na huondoa joto haraka samaki anapokimbia na mshipi.

Sasa idadi. Kanuni ya mafundi ni pete moja kwa kila futi ya ufito, pamoja na ya ncha. Ufito wako una karibu futi saba, kwa hiyo itakuwa saba na ya ncha, na mara nyingi ufito mlaini hudai moja zaidi. Usiishie kwenye hesabu. Zibane pete kwa vipande vya mpira au utepe, ukianza na nafasi ya kama sentimita 10 kutoka nchani na kuongeza nafasi hizo kidogo kidogo kuelekea mpini. Pitisha mshipi, ufunge kwenye kitu kizito, kisha inua hadi ufito ujipinde sana. Mshipi unapaswa kuufuata upinde huo bila kona kali. Palipo na kona, au pale mshipi unapojitenga mno na ufito, sogeza pete au ongeza nyingine. Zoezi hili huchukua jioni nzima. Litangulie uzi wa kufungia pete na epoksi, ile gundi inayopakwa juu ya uzi huo, kwa maana epoksi ikikauka haina msamaha.

Swali: Mshipi wangu mpya hukatika mara kwa mara, ingawa rili ni nzima. Je, pete inaweza kuwa ndiyo chanzo?

Jibu: Inaweza, na ufa ulio kwenye duara lake la ndani huenda usionekane kwa macho. Pitisha pamba ndani ya kila pete ukiizungusha, ukianza na ya ncha. Nyuzi za pamba zikinasa, umempata mhalifu. Pete ya ncha kwa kawaida hugandishwa kwa gundi inayolainika kwa moto, hivyo hutoka kwa joto la wastani. Usiuchome ufito wa kaboni. Kwa pete nyingine, kata uzi wa kufungia juu ya mguu wa pete, yaani kile kipande cha chuma kinachofungwa kwenye ufito, chuma kikiwa chini ya wembe, wala usikate juu ya ufito.

Swali: Ninajenga fimbo nzito ya kuvulia nikiwa chomboni, ambayo pete zake hukaa upande wa juu. Nichague za mguu mmoja au miwili?

Jibu: Miwili. Pete zikiwa juu, mshipi huzikandamiza na kutaka kuuzungusha ufito mkononi mwako, na mguu mmoja ukilemewa hivyo hulegea mapema. Idadi nayo iwe kubwa kidogo, ili mshipi usiguse ufito katikati ya pete mbili unapojipinda.