Jibu: Vipande viwili vya Kikopti, je, ni vya kitabu kimoja?

Habari ndugu. Nimekuelewa: una picha za majani mawili ya kitabu cha ngozi, yaliyoandikwa kwa Kikopti (lugha ya kale ya Wakristo wa Misri), ya Monasteri Nyeupe ya Shenute, mkuu wake wa kale, karibu na Sohag, Misri. Moja liko Paris, jingine Vienna, nawe unauliza kama ni vya kitabu kimoja.

Anza na pembe za juu. Waandishi wa Kikopti walitia namba za kurasa kwa herufi zenye kistari juu yake. Mimi nilihangaika wiki nzima na sentensi iliyokatika, kumbe jani moja liliishia 84 na jingine likaanza 85!

Pembe ikiwa imeliwa, hesabu mistari ya kila safu, kisha pima upana wa safu. Mwandiko kufanana hakutoshi kabisa, maana mwandishi mmoja alinakili vitabu vingi. Kukadiria umri kwa mwandiko ni kugumu zaidi, usikutegemee.

Umbali usikutishe. Vitabu vile vilichanwachanwa na kuuzwa jani kwa jani (inauma sana). Miaka ya 1880 Gaston Maspero, mtaalamu Mfaransa wa Misri ya kale, alisaidia maelfu ya majani hayo kufika Paris. Tuwekee picha za pande zote mbili, pamoja na vipimo.