Nyota haina neno, tatizo ni ule mstari

Mmeuliza wiki hii kama mtu anayekoleza maandishi, yaani kuyanenepesha kwa kuyawekea nyota, kwenye kundi la WhatsApp anawakosea adabu wenzake. Jibu langu ni hapana, na nashangaa swali lenyewe limetoka kwa watu wanaoishi kwenye makundi ya michango kama sisi. Kundi lina watu zaidi ya mia. Asubuhi ni salamu, maua na mistari ya Biblia, mchana video za vichekesho, halafu katikati ya hayo yote katibu anataka kutangaza kwamba kikao kimehamia Uyole saa nane. Asipoweka nyota huyo, kuna watu watakwenda Kabwe na kumpigia simu kwa hasira wakiwa huko.

Mimi nina steshenari hapa Mwanjelwa, Mbeya, kwa hiyo haya mambo nayaona kila siku. Wateja wananirushia maandishi ya WhatsApp niwachapie: ratiba za mazishi, mihtasari ya vikoba, barua za kuomba mchango. Nikihamishia kwenye kompyuta, nyota zinakuja kama zilivyo, na mteja ananiuliza kwa nini nimemwekea nyota kwenye msiba. Inabidi nimweleze kwamba nyota pande mbili za neno ndizo zinazolinenepesha kule kwenye simu, mstari wa chini pande mbili unalilaza, na kiwimbi (~) pande mbili kinalikata kwa mstari katikati. Mambo haya yako WhatsApp tangu 2016, na 2024 wakaongeza orodha zenye namba na nukuu. Ukiacha nafasi kati ya nyota na neno, haishiki, ndiyo maana unakuta matangazo yamejaa nyota tupu. Kuitafuta nyota kwenye simu hakumsumbui mtu, maana sote tumeshabonyeza nyota 150 nyota 00 reli ya M-Pesa hadi vidole vinajua njia.

Wale wa herufi kubwa mwanzo mwisho nao nawaonea huruma. Wengi ni wazee waliobonyeza kitu na hawajui kukirudisha.

Ninachotaka kukisema, ingawa hamkukiuliza, ni huo mstari unaopita katikati ya jina la mtu.

Tulikuwa na harusi ya mdogo wetu, na kundi la ukoo la michango likafunguliwa. Mweka hazina alikuwa binamu yetu mmoja anayefanya kazi Iringa, kijana makini, senti haipotei. Kila jioni alibandika orodha. Aliyeahidi tu, jina lake lilibaki kawaida. Aliyetoa sehemu tu ya ahadi, jina lilikolezwa. Aliyemaliza, jina lilikatwa, kama mtu aliyetumwa sokoni anavyokata nyanya na vitunguu akishavinunua. Maelezo ya utaratibu huo hakuyaandika popote. Sisi vijana tulielewa wenyewe.

Baba yetu mkubwa yuko Tukuyu. Alikuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa mpaka alipostaafu, na maisha yake yote ameyapitisha kwenye daftari la wanachama. Kwenye daftari lile jina halikupigwa mstari mpaka mwenyewe awe amefariki, amehama au amefukuzwa, na kalamu ya kazi hiyo ilikuwa nyekundu. Wajukuu walimnunulia simu kubwa na kumwingiza kwenye kundi. Mzee akatuma laki moja, wa kwanza kabisa kumaliza. Jioni akafungua orodha: namba moja, jina lake, limepigwa mstari. Chini yake vijana ambao hawajatoa hata mia, majina yao safi kabisa.

Hakusema kitu. Angekuwa amekasirika kidogo tungemsikia. Kikao kilichofuata hakuja, na simu yake ikawa inaita tu. Habari zikatufikia kupitia mama mmoja anayeleta ndizi kutoka Kiwira: mzee anasema ukoo umemfuta, kwa hiyo na yule ng'ombe aliyemwahidi bwana harusi abaki zizini.

Binamu aliposikia akakimbilia kuiondoa orodha. Ujumbe ukishapitisha dakika 15 huwezi tena kuusahihisha. Kuufuta kwa watu wote bado inawezekana, lakini pale ulipokuwa panabaki maneno kwamba ujumbe umefutwa. Hebu fikirini mzee anafungua simu: jana jina limekatwa, leo na orodha yenyewe imefichwa. Sasa akawa na ushahidi.

Ikabidi shangazi apande gari hadi Tukuyu na mvua yao ile. Alibeba karatasi niliyomchapia mimi, yenye safu za kawaida: jina, ahadi, alichotoa, kilichobaki. Alivyotusimulia, mzee alivaa miwani, akaweka kidole kwenye jina lake, akakisogeza taratibu mpaka safu ya mwisho na kukuta sifuri. Akarudia tena kutoka mwanzo. Kisha akauliza, "Kwa hiyo huyu mtoto alikuwa ananishukuru kwa kunifuta?" Shangazi akamjibu, "Ndiyo hivyo, kaka." Mzee akasema, "Mwambieni wino wa kuandika AMELIPA upo." Harusini alikuja, na ng'ombe alikuja. Binamu alipokwenda kumsalimia, salamu yake ilipokewa kwa kifupi sana.

Mpaka hapa nilikuwa nimepanga kuhitimisha kwamba nyota ziachwe, mistari ipigwe marufuku. Lakini nikikumbuka vizuri, hata waliokolezwa walilalamika. Dada yetu mmoja wa Makambako alisema herufi nene zinamtangaza kuwa anadaiwa, tena mbele ya wakwe walioingizwa kundini. Alikuwa ameshatoa zaidi ya nusu. Kwa hiyo tatizo si mstari peke yake, na nyota niliyoitetea huko juu nayo ina makosa yake. Ikikaa kwenye saa na mahali inasaidia. Ikikaa kwenye jina la mtu, mwenye jina anajiuliza amefanya nini.

Basi kama mnataka msimamo wangu: majina ya wachangiaji yaandikwe kawaida yote, na pembeni iwekwe tiki au neno. Sijui kama nitawashawishi waweka hazina, maana orodha ndefu inachosha na kukata jina ni rahisi. Jina la marehemu kwenye tangazo la msiba nitalikoleza, kwa sababu huku kwetu majina yanafanana mno na watu hupiga simu wakilia kwa msiba usiowahusu. Na namba ya simu ya kutumiwa mchango nitaikoleza pamoja na jina litakalotokea mtu akituma. Najua hilo nalo ni jina la mtu, lakini msomaji asipoliona vizuri, laki moja inakwenda kwa mgeni, na mgeni huyo akishaitoa kwa wakala, hakuna kamati itakayoirudisha.

Msomaji wenu wa steshenari, Mwanjelwa, Mbeya