Jibu: Ben Affleck na kahawa ya Kivu
Yaya, umeuliza kama Ben Affleck wa sinema ndiye aliyeanzisha Eastern Congo Initiative, shirika la kusaidia watu wa mashariki mwa Kongo. Ndiye huyo huyo. Oscar yake ya kwanza aliipata 1998, kwa kuandika filamu pamoja na Matt Damon, rafiki yake wa utotoni. Shirika likaja 2010.

Mimi niko hapa Goma, mashariki mwa Kongo kando ya Ziwa Kivu, na kinachonigusa zaidi ni kahawa. Wakulima wetu walikuwa wakivusha magunia usiku kwa mitumbwi hadi Rwanda, na wengi walizama ziwani, Mungu awarehemu. Shirika lake lilisaidia vyama vya ushirika kuboresha kahawa hiyo, hadi Starbucks, kampuni kubwa ya kahawa ya Marekani, wakainunua. Mwaka 2014 alisimama mbele ya maseneta wa Marekani akaisemea Kongo. Hapo ndipo nilipomheshimu.