Kompresa ya kupigia rangi gari nyumbani

Mkuu, umeuliza kama kompresa ya mtungi wa lita 24, hp 2 (nguvu ya mota), itatosha kupiga rangi gari uani kwako. Kiraka cha bampa, sawa. Boneti nzima, hapana. Usiangalie presha tu, angalia lita za hewa inazotoa kwa dakika. Bunduki nyingi za rangi hula lita 250 hadi 400 kwa dakika, na namba ya kwenye lebo mara nyingi ni hewa inayovutwa, si inayotoka.

Mimi nilianza na ndogo kama hiyo. Katikati ya mlango upepo ukaisha, rangi ikatoka matone matone, nikarudia msasa mlango mzima. Tafuta kompresa ya mkanda (mota inazungusha pampu kwa mkanda), hp 3, mtungi wa lita 100, na bunduki isiyokula hewa sana. Halafu funga kichujio cha kunasa maji yaliyomo kwenye hewa, tafadhali! Kwa unyevu wa Dar, fungua koki ya chini ya mtungi jioni uone maji yanavyomwagika.