Kabla hujagusa silinda ya chensoo yako

Msomaji anayepasua mbao Mufindi ameniuliza achukue Stihl MS 660 au Husqvarna 395XP, na afanye nini ili ivute zaidi. Namjibu hapa, maana wengi wanaouliza hivi wameshaambiwa na fundi wa kijiweni "toa gasketi" (ya silinda, ili mgandamizo upande), na injini ikanoki.

660 ina ujazo wa sentimita za ujazo 91.6 na kilowati 5.2. 395XP ina sentimita 93.6 na kilowati 4.9. Ndani ya gogo hutaisikia tofauti hiyo, kwa hiyo chukua ile ambayo vipuri vyake halisi vinapatikana karibu nawe. Stihl 070 ya zamani, yenye sentimita 105.7, ni nzito na mizunguko yake ni ya chini, lakini kwenye kupasua gogo nene bado naiheshimu. Stihl MS 661 yenye M-Tronic (mfumo wa kielektroniki) hujipimia mafuta yenyewe, haina skrubu ya H, ile ya kabureta inayopima mafuta ya kasi kubwa, ya kurekebisha kwa mkono.

Sasa nguvu. Anza na cheni, hata kama unaona ni jambo dogo. Yenye pichi (nafasi ya viungo vyake, kwa inchi) ya 3/8 inataka tupa ya milimita 5.2, ya .404 inataka 5.5. Kukata gogo kwa kulikingama, noa kwa nyuzi 30. Kupasua mbao, shuka hadi 10. Kinundu kilicho mbele ya kila jino kiwe chini ya ncha ya jino kwa milimita 0.65, au 0.8 kwa .404. Ukikishusha kupita hapo cheni inaparamia mti, injini inazidiwa, klachi inaungua. Sproketi (gurudumu la meno linaloendesha cheni) ya meno 8 badala ya 7 huongeza kasi ya cheni kwa asilimia 14 na kupunguza mvuto kwa asilimia 12.5. Kwenye mkaratusi mnene na baa (upanga unaobeba cheni) ndefu, baki na meno 7.

Baada ya cheni ni sailensa. Matundu yake yote kwa pamoja yasizidi robo tatu ya ukubwa wa tundu la kutolea moshi kwenye silinda. Ifungue kutoka kwenye mashine, uitobolee mbali nayo, usafishe vumbi lote la chuma. Chembe moja ikirudi ndani inakwangua pistoni. Moshi ukitoka kirahisi, hewa inayoingia huongezeka na mafuta hayatoshi, kwa hiyo fungua H robo mzunguko kinyume cha saa kabla ya kuwasha. Bana kichochezi chote nje ya mti: mlio uwe wa kukoroma. Ukiingia kwenye gogo, usafike. Ukiwa msafi na mwembamba hata nje ya mti, zima mara moja, fungua H zaidi kidogo. Oili ni mililita 20 kwa lita ya petroli, bila kukadiria kwa jicho.

Gasketi ya silinda ni ya mwisho kabisa. Pima kwanza kwa waya laini wa madini ya risasi ukiupitisha kwenye tundu la plagi hadi ukingo wa pistoni, kisha zungusha injini kwa mkono. Unene wa waya uliobanwa ukibaki chini ya milimita 0.5 baada ya kutoa gasketi, irudishe.

Ndugu yangu, Mufindi ni juu, hewa ni nyepesi, na H yako huenda imefungwa kidogo kufidia hilo. Ukipata kazi bonde la Kilombero, ifungue kabla ya kukata mti wa kwanza, kwa sababu hewa nzito ya kule na mafuta ya Mufindi ndiyo yanayokwaruza pistoni.