Uvinza: chumvi na reli, kipi kilianza?

SWALI: Habari za kazi. Mi nasafiri sana na treni ya Tabora kwenda Kigoma na kila tukikaribia Uvinza lazima stori za chumvi zianze. Juzi nimebishana na abiria mwenzangu, yeye anasema Mjerumani ndo alileta reli, reli ikaleta chumvi, bila treni Uvinza isingejulikana. Ni kweli? – Msomaji, Urambo

JIBU: Salama ndugu yetu. Hapana, mwenzako kageuza mambo. Reli ilianza kujengwa Dar mwaka 1905, Tabora ikafika 1912 na Kigoma Februari 1914, sa chumvi ya Uvinza ina zaidi ya miaka elfu moja! Mwaka 1967 wataalamu wa mambo ya kale, Sutton na Roberts, walichimba pale kwenye chemchemi za maji chumvi karibu na mto Ruchugi wakakuta vigae vya vyungu na mashimo yaliyokandikwa udongo, yaani kazi ileile ya kuchemsha maji mpaka yakauke ibaki chumvi, watu walishaifanya toka zamani hizo.

Na haikua kazi ya mwaka mzima. Masika mto unajaa unafunika chemchemi, kwaiyo watu walisubiri kiangazi, wakatoka mbali na karibu wakapiga kambi, huyu anachota huyu anakata kuni huyu anakaa motoni, watawala wa Wavinza wakichukua ushuru wao, alafu mizigo inabebwa kwa miguu kwenda Ujiji, Unyamwezi, Burundi na ng'ambo ya ziwa huko Kongo. Hata Burton, yule mpelelezi Mwingereza, alivyopita 1858 akielekea Ujiji aliikuta hiyo biashara. Binafsi hapa ndo naumia tukisema Uvinza ni ya Mjerumani, tunawafuta wale mababu waliokaa na moshi machoni miezi mizima.

Mjerumani alikuja kujenga kiwanda mwanzoni mwa miaka ya 1900, mahali pale akapaita Gottorp, na hata hicho kiwanda kilitangulia treni. Ila tumpe mwenzako haki yake kidogo, reli ilibadilisha mambo kweli, maana mzigo wa kichwani ukawa magunia kwenye behewa, upande mmoja Kigoma bandarini, upande wa pili Tabora na toka 1928 hadi Mwanza. Hasara yake ni misitu, kuchemsha chumvi kunakula kuni balaa, na kiwanda kikiwa kikubwa miti inaisha haraka kuliko vyungu vya wazee.

Uvinza imekua wilaya toka 2012 na reli ya kisasa ya kwenda Musongati, Burundi, imepangwa kuchepukia hapohapo. Warundi wenyewe chumvi hiyo wameila toka enzi za wapagazi.