Maswali ya Wasomaji: Kuonja siga katika hewa ya Dar

Ndugu wahariri, salaam. Nimeletewa siga nne za kusukwa kwa mkono kutoka Nicaragua, saizi ya robusto, yaani fupi na nene. Nataka nizionje kwa utaratibu na kuzipa alama, nisiishie kusema "nzuri" au "kali". Nianzie wapi? — M.S., Upanga

Ndugu M.S., anza kwa kutoziwasha. Siga iliyosafiri, kisha ikalala siku mbili wazi kwenye hewa ya Upanga, imeshanyonya maji. Ukiiwasha leo utaipa alama hali ya hewa ya Dar, siyo kazi ya aliyeisuka. Zilaze wiki mbili kwenye kopo lenye kifuniko cha kubana, unyevu ukiwa asilimia 65 hivi. Namna ya kuupata unyevu huo tunaieleza kwenye swali la tatu.

Siku ya kuonja, kula kwanza chakula chepesi, na pembeni uwe na maji tu. Bia na soda viache kwa siku nyingine. Kaa mahali pasipo feni wala upepo.

Kagua siga ikiwa baridi. Ina sehemu tatu: jani la nje, yaani joho, jani la kufungia lililo chini yake, na majani ya tumboni. Pitisha kidole gumba na cha shahada kutoka mguuni, upande unaowashwa, hadi kichwani, ukibonyeza taratibu. Inapaswa ibonyee kidogo na kurudi. Ukikuta kinundu kigumu, hapo majani yamejazwa kupita kiasi au kuna ujiti wa jani, na moshi utakwama. Ukikuta pamelegea, pana uwazi ndani, na moto ukifika hapo utakimbia. Tazama mshono wa joho unaozunguka mwili mzima: kwa msukaji mzuri huuoni mpaka uigeuze siga kwenye mwanga. Kichwani, siga nyingi nzuri zina vipande vidogo vya jani vilivyopangwa kama kofia, na mistari yake huhesabika.

Kisha nusa mguu. Harufu ya nyasi kavu, zizi la ng'ombe au kokoa ni ya kawaida. Harufu ya amonia, ile inayopanda puani kama banda la kuku lisilofagiliwa, maana yake jani halijamaliza kuchachuka. Hiyo irudishe koponi miezi kadhaa.

Kata kofia milimita 2 tu, juu ya pale kichwa kinapoanza kunyooka kuwa mwili. Ukikata chini ya mstari wa kofia, joho hufunguka lote kama leso iliyolegea fundo. Halafu vuta bila moto. Mvuto mzuri ni kama kunywa dafu kwa mrija: maji hayaji yenyewe, lakini hayakutoi mishipa ya shingo. Ikikuzuia hapa, moto hautaitibu.

Washa kwa kiberiti cha gesi au njiti ndefu ya mbao. Kiberiti cha petroli na mshumaa huacha ladha yake kwenye jani. Shikilia moto sentimita moja au mbili chini ya mguu usiuguse, ukiizungusha siga mpaka ukingo wote uwe mwekundu, ndipo uvute. Puliza mguu utazame: kaa la moto liwe duara kamili.

Sasa polepole. Vuta mara moja kwa dakika, moshi ukae mdomoni sekunde mbili tatu, utoe. Usiupeleke mapafuni. Kila baada ya mivuto minne au mitano, sukuma moshi kidogo sana utokee puani, kwa sababu ulimi unajua chumvi, utamu, uchachu, uchungu na ladha ya mchuzi wa nyama, na mengine yote tunayoyaita ladha yanakaa puani. Andika ulichokipata kwa majina yako mwenyewe. Vitabu vya kigeni vimejaa matunda ambayo wengi hatujawahi kuyala. Wewe una kahawa chungu ya mtaani, kashata, pilipili manga, iliki, udi, korosho za kukaangwa, tende, ngozi mpya, mkate ulioungua ukingoni. Msamiati huo unatosha, na una faida moja kubwa: mwenzako wa hapa ataelewa ulichoandika.

Robusto ya kawaida ina urefu wa milimita 124. Sehemu utakayoivuta igawe kwa macho mafungu matatu ya milimita 30 hivi, uandike kwa kila fungu. Siga inayobaki vilevile mwanzo hadi mwisho inaweza kuwa safi, ila siga bora husogea: inaanza na pilipili, inatulia ikawa kahawa, inamalizia na kitu kizito. Acha zikibaki sentimita 3 au 4. Hapo moto uko karibu na mdomo na ladha zimeungua.

Alama sisi hugawa hivi kwa mia: sura na usukaji 15, mvuto na mwako 25, ladha na harufu 40, mwendo wa ladha kutoka fungu hadi fungu 20. Weupe wa jivu hauna alama, maana rangi yake hutokana sana na madini ya udongo, hasa magnesiamu. Jivu linalosimama sentimita 2 au zaidi bila kumomonyoka lina habari ya maana: tumboni mna majani marefu, siyo vipande.

Jambo la mwisho. Kazi ya mkono hutofautiana, kwa hiyo toa hukumu baada ya tatu, na mwombe mtu akufichie lebo kwa karatasi kabla hujashika. Lebo yenye dhahabu huongeza alama kumi kichwani mwa mtu kabla moto haujawaka.

Siga zangu huzimika mara tatu nne, upande mmoja huungua haraka, na zikifika nusu zinakuwa chungu kama shubiri. Muuzaji anasema ndivyo siga kali zilivyo. Huvuta jioni barazani, karibu na bahari. — Msomaji, Mbezi Beach

Ukali na uchungu ni vitu viwili. Ukali ni nikotini, unausikia kichwani na tumboni. Uchungu wa shubiri ni kasoro, na kwako una vyanzo viwili vinavyosaidiana.

Cha kwanza ni maji. Jani lililolowa haliungui vizuri, kwa hiyo siga inazimika. Wewe unavuta kwa nguvu kuiokoa, moto unapanda joto, na mvuke uliojaa lami unaganda kwenye nusu iliyobaki. Nusu hiyo ndiyo unayoivuta baadaye. Dalili nyingine ya siga iliyolowa ni joho kupasuka kwa urefu karibu na moto, kwa kuwa majani ya ndani yanavimba na kulisukuma.

Cha pili ni upepo wa bahari. Kusi likivuma, upande unaopigwa na upepo hupata hewa nyingi na kukimbia. Geuza kiti, au kaa nyuma ya ukuta. Upande mmoja ukishatangulia, usiongeze kasi ya kuvuta: pitisha moto wa kiberiti upande uliobaki nyuma mpaka ulingane.

Ikizimika, kung'uta jivu, puliza kwa nje kupitia siga yenyewe ili gesi chafu itoke, ndipo uwashe upya. Iliyozimika tangu jana itupe.

Kabla ya kuilaumu siga au muuzaji, fanya jaribio hili: chukua mbili za aina moja, moja uilaze siku moja kwenye chumba chenye kiyoyozi ndani ya kisanduku cha mbao kisichofunikwa, kisha zivute siku mbili mfululizo mahali pasipo upepo. Iliyokauka kidogo ikiwaka sawasawa, jibu umepata. Ila usizidishe siku. Siga kavu mno huungua kwa haraka na joto, inawasha koo, na joho lake linabanduka kama ganda la kitunguu.

Nimenunua sanduku la unyevu la mbao la kuhifadhia siga, na maelekezo yanasema nijaze maji kwenye sponji. Baada ya mwezi siga zina unga mweupe, na mbili zina matundu. Rafiki yangu anasema unga huo ni dalili ya siga iliyokomaa. — J.K., Sinza

Ndugu J.K., rafiki yako amekosea, na maelekezo hayo yameandikwa kwa ajili ya nchi ambako hewa ya ndani ni kavu. Dar hali ni kinyume chake: asubuhi nyingi unyevu wa nje hupita asilimia 80, na masika ndiyo zaidi. Ukiongeza sponji la maji unafuga kuvu.

Unga huo uchukulie kuwa kuvu. Ukiwa mwembamba na juu ya joho pekee, ufute kwa kitambaa kikavu na ushushe unyevu. Ukiwa na manyoya, au rangi ya kijani au buluu, au ukiukuta mguuni ambako unaingia ndani, tupa hiyo siga.

Matundu ni habari nzito zaidi. Ni kidudu wa tumbaku, kahawia, wa milimita 2 au 3. Mayai yake huja yamo ndani ya jani na huanguliwa joto likipita nyuzi 25 hivi, joto ambalo mchana wa Dar tunalo karibu mwaka mzima. Kwa hiyo hapa kugandisha ni lazima kwa kila siga inayoingia nyumbani, hata isiyo na tundu. Ziweke kwenye mfuko mzito wa zipu, mfuko ndani ya mfuko, hewa ikiwa imetolewa. Usiku mmoja kwenye friji, siku tatu au nne kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri, siku moja tena kwenye friji, kisha siku moja mezani kabla ya kufungua. Ukiruka hatua ya friji, joho hupasuka kwa mabadiliko ya ghafla. Umeme ukikatika mpaka friza ikayeyuka, hesabu siku upya.

Kwa kuhifadhi, sponji liweke kabatini. Kopo la plastiki la kubana pamoja na pakiti za kudhibiti unyevu za asilimia 62 au 65, kama zile za Boveda, hufanya kazi nzuri zaidi hapa kuliko sanduku la mbao linalovuja hewa, kwa sababu pakiti hizo hutoa maji na kuyanyonya pia. Kopo likae chumba kisicho na joto, mbali na jua.

Na kipimaunyevu chako kipime nacho. Jaza chumvi ya mezani kwenye kizibo cha soda, dondoshea maji mpaka iwe kama mchanga wa ufukweni bamvua likishatoka: imelowa, haielei. Ifungie pamoja na kipimo ndani ya kopo kwa saa 24. Chumvi hiyo huleta asilimia 75. Kipimo kikisoma 70, ujue siku zote unaongeza 5.

Nimeuziwa boksi la siga za Cohiba lenye mfuniko wa kioo kwa bei ya chini sana. Nitajuaje kama ni za kweli? — Mama A., Kigamboni

Dada yetu, mfuniko wa kioo peke yake unatosha: Cohiba ya Kuba haiuzwi kwenye boksi la namna hiyo. Boksi la kweli la Kuba huwa na muhuri wa kijani wa dhamana wenye namba, na chini ya boksi la mbao maneno "Habanos s.a.", "Hecho en Cuba" na "Totalmente a mano" yamechomwa kwa moto, siyo kuchapwa kwa wino, wino ni wa msimbo wa kiwanda na tarehe tu. Toa pia siga moja uichane kwa urefu. Ukikuta vipande vilivyokatwakatwa kama chai, umeshajua.

Kwetu Urambo tumbaku inalimwa kwa wingi. Kwa nini haisukwi siga? — Msomaji, Tabora

Tofauti iko kwenye ukaushaji. Tumbaku ya mvuke ya Tabora hukaushwa kwa joto la bani, yaani banda la kukaushia, kwa siku chache. Joto linawahi kufungia sukari ndani ya jani, linabaki la njano, na moshi wake ni wa sigara. Jani la siga hutundikwa kivulini wiki nyingi, sukari ikaisha, kisha hurundikwa marundo makubwa yanayojipasha moto yenyewe. Marundo hugeuzwa mara kwa mara, amonia ikitoka na uchungu ukipungua. Mbegu nazo ni nyingine. Afrika ina jani lake mashuhuri la siga, lile jembamba la Kameruni linalotumika kama joho.

Je, siga yenye jani jeusi ndiyo kali? — Msomaji, Tabata

Hapana. Weusi wa joho hutokana na uchachushaji mrefu, na mara nyingi huleta utamu. Ukali uko tumboni, kwenye jani la juu ya mmea liitwalo ligero.

Sipeleki moshi mapafuni, mbona nilipata kizunguzungu na jasho? — H., Kinondoni

Moshi wa siga una asili ya magadi kuliko wa sigara, kwa hiyo nikotini hupita kwenye ngozi ya mdomo moja kwa moja. Ulikuwa na njaa au ulivuta haraka. Weka siga chini, kaa, kunywa maji na chai yenye sukari. Kutopeleka moshi mapafuni hakuzuii saratani ya mdomo, koo na umio, kwa hiyo anayeonja kwa ajili ya alama aonje chache, zenye nafasi kati yake. Na avutie sehemu iliyotengwa, maana sheria ya bidhaa za tumbaku ya 2003 inakataza kuvuta hadharani kwingineko na kumuuzia aliye chini ya miaka 18.